Kumjibu Msomaji Aliyekasirika: Maelekezo kwa Waandishi wa Visiwani

Ujumbe wa kwanza mkali niliopata kutoka kwa msomaji uliniingia simuni baada ya sala ya isha, siku mbili tangu makala yangu kuhusu zao la karafuu ichapwe gazetini, na ulikuwa mfupi: "Kijana, wewe karafuu huijui na Pemba huijui. Kaandike habari za pweza. Hata tufani umeisahau, au huko kwenu Mjini hamkusomeshwa?" Niliusoma nikiwa nimesimama, nikausoma tena nikiwa nimekaa, kisha nikaanza kuandika jibu ambalo lau ningelipeleka, mpaka leo ningekuwa naona haya kupita Wete, mji wa Pemba anakokaa msomaji huyo. Naanza na kisa hicho kwa sababu takriban kila ninachotaka kumwambia mwandishi anayeanza kimo ndani ya maneno yale machache: mna kejeli, mna utani, mna kosa langu la kweli, na mna mtu mzima aliyekerwa kwa haki.

Usiku wa kwanza

La kwanza ni kutojibu siku ile ile. Najua kuwa ushauri huu hutolewa na wengi na hufuatwa na wachache, kwa hivyo nitaeleza namna ya kuutekeleza. Usijikataze kuandika. Liandike jibu lote, kwa ukali wote ulio nao, lakini liandike kwa kalamu katika daftari na si ndani ya simu, kwani kidole kilichokasirika hugusa pale pa kupelekea kabla ya mwenyewe kuamua. Kisha lala. Asubuhi, ukishakunywa chai, mpe mtu wa nyumbani ule ujumbe akusomee kwa sauti yake ya kawaida, wala usimwambie mapema kwamba umekukera. Mimi husomewa na dada yangu, ambaye hana haraka ya kusema wala ya kukasirika, na mara nyingi maneno niliyoyapokea jana kama ngumi, yakitoka kinywani mwake huwa ni ya mzee anayelalamika kuwa chai imepoa.

Kusomewa huku kuna faida nyingine kubwa zaidi, nayo ni kuutambua utani. Baina ya Unguja na Pemba, na baina ya Mjini na mashamba, kuna maneno tunayorushiana tangu utotoni ambayo mtu akiyatamka mbele yako hukasiriki, kwa sababu unauona uso wake na unajua kuwa punde atakukaribisha kahawa. Yakiandikwa huja bila ya uso. "Kaandike habari za pweza" ulikuwa ni utani, na mimi niliuchukua kuwa ni tusi. Kipimo ninachokitumia siku hizi ni kujiuliza kama mtu huyu angeweza kuniambia maneno hayo barazani, mbele ya watu, na sote tukacheka, nami nikiwemo. Ikiwa angeweza, neno hilo nalitoa katika hesabu ya yaliyonikera, na mara nyingi hesabu inayobaki huwa ni ndogo.

Kuchambua

Wanaolima karafuu wanajua kuwa haianikwi kama ilivyotoka mtini. Jioni magunia yakishafika nyumbani, wakubwa na watoto hukaa wakachambua: mtu hushika shada, akalisokota juu ya kiganja cha mkono wa pili, karafuu zikadondoka na makonyo yakabaki vidoleni, naye akayatupa upande wake. Ujumbe wa msomaji unataka kazi kama hiyo, na ni bora uifanye kwa mkono hasa, kwa kalamu na karatasi, kwa sababu kichwani karafuu na makonyo huchanganyika upya kila unapoukumbuka ujumbe. Piga mstari katikati ya karatasi. Upande wa kulia nakili kila dai linaloweza kuhakikishwa, yaani jambo ambalo mtu wa tatu asiyekujua wewe wala msomaji wako anaweza kulitafuta akaona kuwa ni kweli au si kweli. Upande wa kushoto weka yote yaliyobaki.

Katika ujumbe wangu upande wa kulia ulipata jambo moja tu, nalo ni tufani. Jambo hilo moja lilinichukua siku mbili, moja nyumbani na moja katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na mwisho wake nilikuta kuwa mzee yule alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeandika kwamba Pemba inaongoza kwa karafuu kwa sababu ya udongo wake na mvua zake, nikaishia hapo, wala sikuigusa tufani ya Aprili 1872 iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba bila ya madhara makubwa, hata katika miaka iliyofuata kisiwa kidogo kikawa ndicho chenye mavuno mengi. Udongo na mvua ni sababu za kweli, lakini anayeeleza ukubwa wa Pemba katika karafuu bila ya kuitaja tufani ile ameeleza nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo ambayo watu wa Pemba husimuliana.

Makonyo nayo hayatupwi, kwani huko Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kuna kiwanda kinachoyatoa mafuta. Kwa hivyo ukishamaliza upande wa kulia, urudie ule wa kushoto mara moja, kwa utulivu, na uangalie kama kuna neno linalokuonyesha ni wapi hasa msomaji alipoumia. Neno "kwenu Mjini" lilinipeleka tena kwenye makala yangu, na nilipoisoma kwa jicho hilo niliona kwamba tangu mwanzo hadi mwisho nilikuwa nikiwasimulia watu wa Mjini habari za wachumaji wa karafuu, kana kwamba wachumaji wenyewe hawasomi gazeti. Hilo si kosa la tarehe, na hakuna masahihisho ya mstari mmoja yanayoweza kulifuta, lakini makala zote nilizoziandika baada ya hapo zilibadilika kwa ajili yake.

Kuna lawama zinazokuja kwa sura ya tofauti ya mawazo tu, na hizi zinataka uangalifu zaidi kwa sababu ni rahisi kuzipita. Niliwahi kuandika kuwa kuta za majumba ya Mji Mkongwe zikarabatiwe kwa chokaa na si kwa saruji, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta uliojengwa kwa mawe na chokaa, na ukuta huo huoza kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Mwenye nyumba mmoja alinijibu kwa ukali kwamba maneno hayo ni ya mtu asiye na nyumba. Nilitaka kumwambia kuwa sayansi ya chokaa haiulizi nani ana nyumba. Nilipochambua, niliona kuwa ndani ya kejeli yake mlikuwa na dai zima: chokaa inataka fundi anayeijua, inataka muda wa kukauka, na inataka fedha, na katika makala nzima sikuwa nimeandika hata sentensi moja juu ya gharama. Rai yangu kuhusu saruji haikubadilika, lakini nilimjibu kwamba suala la gharama nililiacha na halikustahili kuachwa.

Lawama za lugha

Huku kwetu anayeandika hulaumiwa kwa lugha mara nyingi kuliko anavyolaumiwa kwa habari, na mgeni hushangaa kuona makala juu ya bajeti ikizua mjadala wa siku tatu juu ya kiambishi. Mimi sishangai. Kiunguja ndicho kilichowekwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na watu waliokulia ndani yake wanajiona kuwa ni walinzi wake, huku wasemaji wa Kipemba, wa Kimakunduchi na wa Kitumbatu wakijiona, kwa haki kabisa, kuwa wana Kiswahili chao ambacho hakikuomba ruhusa kwa mtu.

Kosa la chapa au la upatanisho wa kisarufi lirekebishe na ushukuru, bila ya maelezo marefu. Ukiwa umeandika habari za watu wa mahali fulani na ukaambiwa kuwa wao kitu hicho hawakiiti hivyo, basi wao ndio wenye haki hata kama kamusi linakuunga mkono. Lakini lawama ikiwa ni ya mazoea tu, kama anayetaka "skuli" pale ulipoandika "shule", au anayeona kuwa "hospitali" ni neno la Bara na kwamba Mzanzibari husema "spitali", unaweza kubaki na neno lako, ilimradi una utaratibu unaoufuata kila siku na unaoweza kuueleza kwa sentensi moja. Mimi huandika skuli ninapoandika kwa ajili ya wasomaji wa Visiwani, na sijawahi kupoteza muda katika ugomvi huo tena. Ukishindana juu ya jambo kubwa zaidi la lugha, lipo Baraza la Kiswahili la Zanzibar, na swali lililoandikwa vizuri kwa BAKIZA lina maana zaidi kuliko majibizano ya usiku kucha.

Jibu lenyewe

Jibu nililoliandika usiku ule katika daftari lilianza hivi: "Mzee, mimi historia nimeisomea chuo kikuu, na wewe umeisomea wapi?" Sitalinakili lote. Jibu nililolipeleka siku ya nne lilikuwa hili:

"Asalaam alaykum. Ami yangu, shikamoo. Ujumbe wako nimeupata na nimeufanyia kazi. Ni kweli kwamba tufani ya mwaka 1872 sikuitaja, na bila ya tufani hiyo maelezo yangu ya kwa nini Pemba iliipita Unguja hayakamiliki. Nimeandika masahihisho na nimemuomba mhariri ayatoe wiki ijayo. Ikiwa yako mengine niliyoyaacha, nitashukuru sana ukinijuulisha. Habari za pweza nitaziandika inshaallah, lakini kwanza nitakuletea wewe uziangalie."

Angalia yaliyomo na yasiyokuwemo. Mna maamkizi kamili, kwa sababu mtu mzima hajibiwi kwa kuingiliwa katikati ya maneno kama aliyegombana na mtoto mwenzake, na kwa sababu "shikamoo" humpa na yeye wajibu wa kuitikia. Baada ya "ni kweli" hamna "lakini"; ukiliweka neno hilo, msomaji ataona kuwa ulichokikubali kwa mkono mmoja umekichukua kwa mkono wa pili. Hamna shahada zangu. Hamna "niwie radhi ikiwa nimekuudhi", msamaha ambao kwa maoni yangu ni mbaya kuliko ukimya, kwani unauhamisha mzigo kutoka kwa aliyekosea kwenda kwa aliyeudhika. Utani wake nimeurudisha mwishoni, mara moja, na nilifanya hivyo kwa sababu nilikwisha kuwa na yakini kuwa ni utani. Ungekuwa na shaka hata kidogo, usingerudishwa.

Masahihisho nayo yana adabu yake. Yataje yale uliyoyaandika, yataje yaliyo sahihi, na yatoke mahala pale pale palipotoka kosa, yasifichwe pembeni. Usifute kimyakimya ukaandika upya, kwani watu wameshapiga picha ya makala yako ya mwanzo na kuisambaza katika makundi ya WhatsApp, na picha mbili zikikutana hutaonekana aliyejisahihisha bali aliyejaribu kuficha.

Mara ngapi ujibu? Mara moja. Akirudi na jambo jipya la upande wa kulia wa karatasi, jibu mara ya pili. Akirudi na yale yale, mpigie simu au umuendee, na ukishindwa yote mawili, nyamaza.

Kujibu mbele ya watu

Lawama ikitolewa hadharani, wanaokusikiliza wengi ni wale wasiosema kitu, na jibu lako ni lao zaidi kuliko la aliyekulaumu. Katika jambo hili hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akauza vyungu kabla ya sauti yake kujulikana, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Alipopata jina, walikuwepo waliomtungia beti za kumkumbusha kuwa ametoka shamba na kaniki zake mbili, na kumuuliza kuwa lau si sauti angekula nini. Jibu lake mpaka leo linajulikana na watu ambao hawawezi kumtaja hata mmoja wa waliomkejeli. Hakukana shamba na hakukana kaniki. Alisema kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ni mtu kukosa akili. Kwa maneno mengine, waliokuja kumpima kwa mizani yao waliikuta mizani imebadilishwa, na wao ndio walio juu yake. Alijibu kwa kazi yake mwenyewe, yaani kwa wimbo, na mbele ya wale wale waliokuwa wakimsikiliza kila siku.

Washairi wa Pemba, Kamange na Sarahani, nao wamesifika kwa kujibizana, na katika mila hiyo ya kujibizana kuna kanuni ambayo mwandishi wa makala anaweza kuiazima bila ya kuandika ubeti hata mmoja: anayejibu huingia katika bahari ile ile, yaani mtindo ule ule wa shairi, aliyoingia mwenzake. Ukilaumiwa kwa tarehe, jibu kwa tarehe. Ukilaumiwa kwa lugha, usijibu kwa kuwataja wazee wa mtu.

Yasiyojibiwa

Yote niliyoyasema yanamhusu msomaji aliyekasirika, na si kila anayeandika maneno makali ni msomaji. Mwandishi mwanamke, hapa kwetu, hupokea ujumbe ambao upande wake wa kulia ni mtupu kabisa: anaambiwa juu ya mwili wake, juu ya mtandio wake, juu ya mume aliye naye au asiye naye, na makala yake haikutajwa. Wapo wanaomshauri avumilie kwa kuwa ndiyo desturi ya kazi. Mimi siungi mkono. Huko hakuna cha kuchambua wala cha kujibu, na ushauri wangu ni kwamba mtu anayemuamini amsomee ujumbe wake kwanza, ampitishie ule wenye hoja, na mwingine auhifadhi bila ya yeye kuuona.

Nimesema auhifadhi, sikusema aufute. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inatumika Bara na Zanzibar, inakataza kumpelekea mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo, na anayekwenda kushitaki anahitaji kuwa na cha kuonyesha. Piga picha ya kioo cha simu huku nambari, tarehe na saa zikionekana, mpe mtu mwingine nakala, na usimjibu aliyekutisha hata kwa neno moja. Ugomvi wa majirani unaweza kuanzia kwa sheha. Kitisho cha kumdhuru mtu kipelekwe polisi moja kwa moja. Nawe pia ukumbuke kuwa sheria hiyo hiyo inamkamata anayechapisha habari anazojua kuwa ni za uongo kwa nia ya kumkashifu au kumtukana mwenzake, kwa hivyo jibu la hasira linaweza kumgeuza mwenye haki kuwa mshitakiwa.

Daftari, na kahawa

Weka daftari moja kwa kazi hii, lile lile unaloandikia majibu usiyoyapeleka. Kila lawama ipate mstari wake: tarehe, makala, dai, na ulichokifanya. Mimi hulifungua langu kila inapokaribia Ramadhani na kulisoma tangu mwanzo. Msomaji mmoja akiifahamu vibaya aya yako, huenda hakuisoma vizuri. Wakiwa watatu, wasiojuana, na wote wamekwama pahala pamoja, basi aya hiyo ndiyo yenye kosa, hata kama wewe ukiisoma huioni kasoro yake.

Jambo la mwisho ni la watu wa visiwa. Anayeandika katika nchi kubwa anaweza kulaumiwa na mtu ambaye hatamuona mpaka kufa. Sisi tutakutana naye Darajani, au ndani ya boti ya Pemba bahari ikiwa imechafuka, au katika arusi ambayo yeye ni ami wa bibi arusi. Kwa hivyo liandike kila jibu ukijua kuwa iko siku utasimama mbele ya aliyelipokea, na fursa ya kumtembelea ikipatikana, itumie.

Nilimuendea mzee wangu wa Wete miezi michache baada ya masahihisho kutoka. Nilimkuta barazani kwake baada ya alasiri, pamoja na wenziwe wawili. Aliniitikia marahaba, akanimiminia kahawa, akanisogezea kisahani cha kashata, na kwa muda mrefu hakugusia karafuu wala gazeti. Aliniuliza wazee wangu ni akina nani na bahari ilikuwaje. Kisha akaingia ndani, akarudi na ukurasa wenye makala yangu ukiwa umekunjwa mara nne. Aliukunjua juu ya goti. Pale penye udongo na mvua palikuwa na mstari wa wino mwekundu, kama nilivyotarajia, na chini yake, katika sehemu mbili ambazo hakuwahi kunitajia, palikuwa na mistari mingine miwili. Nilitoa daftari langu, nikamuomba aniazime kalamu.